Bushi za kujilainisha kwenye hanga za konveya: kwa nini zimekufa ndani ya wiki sita

Swali lililoletwa, kwa ufupi: fundi wa kinu cha kusaga mahindi huko Makambako ana konveya ya skrubu inayotoa mahindi kwenye shimo la kupokelea na kuyapeleka kwenye mashine ya kusafisha. Konveya ina hanga nne (vishikio vinavyoning'inia na kubeba shafti kwa bushi, yaani kipande cha duara ambamo shafti huzunguka), shafti ya kipenyo cha milimita 50, inazunguka mara 90 kwa dakika, saa 10 kwa siku, siku sita kwa wiki. Zamani hanga zilikuwa na bushi za shaba za kupakwa grisi. Grisi ikawa inadondokea nafaka na kushika vumbi, basi akanunua bushi za bronzi za kujilainisha, ndani 50, nje 60, urefu 50. Zilipogongwa ndani ya hanga, shafti ikakataa kuingia. Zikapelekwa kwa fundi mkereza zikapanuliwa na kusuguliwa kwa msasa, zikalazwa kwenye petroli usiku kucha ili chenga zitoke, kisha zikafungwa. Wiki ya tatu mbili zilianza kupiga kelele. Wiki ya sita zote zimelegea, na shafti imeliwa kuliko bushi zenyewe. Anauliza kama aliuziwa bandia, na kama anaweza kutoboa bushi za shaba za kawaida akajaza grafiti ya penseli au makaa ya betri.

Fundi, hakuna dalili kwamba uliuziwa bandia. Kwa maelezo yako, bushi zile zilikuwa zimekufa kabla hazijafungwa, na hata kama zingefungwa vizuri zisingedumu mahali ulipoziweka. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ukirekebisha moja tu utarudi hapa baada ya wiki nyingine sita.

Tuanze na mzigo, kwa sababu ndio watu wengi hukimbilia kuulaumu. Bushi hupimwa kwa shinikizo likizidishwa na mwendo. Shinikizo ni uzito unaobebwa gawanya kwa kipenyo mara urefu wa bushi. Chukua kila hanga inabeba nyutoni 900, yaani uzito wa kilo 90 hivi, kipande cha skrubu pamoja na msukumo wa nafaka: 900 gawanya kwa 50 mara 50 ni 0.36 N/mm² (nyutoni kwa milimita ya mraba). Mwendo wa uso wa shafti ni 3.14 mara 50 mara 90 gawanya kwa 60,000, sawa na mita 0.24 kwa sekunde. Zidisha: 0.09 hivi. Bushi ya bronzi yenye oili huvumilia hadi karibu 1.8 kwa kipimo hichohicho. Ulikuwa unatumia sehemu moja ya ishirini ya uwezo wake. Kwa saa 360 za kazi shafti yako ilisugua kilomita 305 tu ndani ya bushi, wakati bushi ya aina hii ikiwa na oili yake huhesabiwa kwa maelfu ya saa. Mzigo hauna hatia.

Bushi hii ni sifongo

Ukifungua feni ya mezani utaiona ndugu yake: bushi ndogo ya rangi ya shaba, imezungukwa na kipande cha sufi iliyolowa oili. Bushi nyingi za stata za magari ni za familia hiyohiyo. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuziuza kwa jina la Oilite mwanzoni mwa miaka ya 1930. Haziyeyushwi wala hazimiminwi. Unga wa shaba nyekundu asilimia 90 na bati asilimia 10 hushindiliwa kwenye kalibu, kisha huokwa kwa joto la nyuzi 800 na kitu. Punje hushikana bila kuyeyuka zote, na katikati yake hubaki vinyweleo vilivyounganika kama mashimo ya sifongo. Vinyweleo hivyo huchukua kama asilimia 20 ya ujazo wa bushi, na humo ndimo oili inamokaa.

Shafti inapozunguka, uso hupata joto na oili hutanuka kuliko chuma, ikatoka kwenye vinyweleo. Mzunguko wenyewe nao huivuta kutoka upande usio na mzigo na kuisukuma upande wenye mzigo. Mashine ikisimama na kupoa, vinyweleo huinywa tena. Oili ileile hutoka na kurudi. Ndiyo maana haihitaji grisi, na ndiyo maana chochote kinachoziba mdomo wa kinyweleo, au kinachonyonya oili kutoka nje, huiua.

Kwa bushi yako hesabu iko hivi. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 43. Asilimia 20 ni sentimita 8.6 za oili, na kwa kuwa oili ni nyepesi kuliko maji, hiyo ni gramu 7 na nusu hivi. Bushi nzima ikiwa imejaa ina gramu kama 280. Akiba yote ya maisha yake haijai kijiko cha chakula. Nunua mizani ya kidijitali inayosoma nusu gramu au chini ya hapo, pima kila bushi mpya kabla ya kuifunga na uandike. Ukija kuipima baadaye ikiwa imesafishwa kwa kitambaa na haijalika sana, gramu zilizopungua ni oili iliyokimbia. Ikipungua gramu 3 au 4, nusu ya akiba imekwenda.

Sasa rudi kwenye yaliyofanyika. Bushi ya nje milimita 60 ikigongwa ndani ya tundu dogo kwa milimita 0.06, tundu lake la ndani nalo hujibana kwa karibu kiasi hichohicho. Kwa hiyo shafti kukataa kuingia lilikuwa jambo la kutarajiwa, na tiba yake si kukereza. Bushi hizi huingizwa kwa presi, juu ya pini ya chuma kigumu kilichong'arishwa yenye kipenyo unachotaka kibaki: bushi hujibana ikaikumbatia pini, na pini ikitoka tundu liko kwenye kipimo. Shafti ya 50 iwe pungufu kwa 0.025 hadi 0.05, na tundu la bushi liwe 50.00 hadi 50.025. Nyundo isiiguse bushi. Bronzi ya sifongo hupasuka pembeni upesi kuliko bronzi ya kumimina.

Kukereza kwa kisu butu, halafu msasa juu yake, huipaka shaba laini juu ya midomo ya vinyweleo kama mtu anayesiliba ukuta. Kwa macho uso unang'aa na unapendeza, kumbe umefungwa. Na punje za msasa hubaki zimechomekwa mlemle ndani. Kuna kipimo rahisi cha kulithibitisha: pasha bushi ya zamani hadi iwe ya vuguvugu, dondosha tone la oili nyepesi ndani ya tundu, na tone jingine kwenye uso wa mwisho ambao haukukerezwa. La mwisho litazama baada ya dakika chache. Kama la ndani linabaki limesimama, uso umesilibwa.

Ikilazimika kabisa kukereza bushi ya aina hii, tumia kisu cha kabaidi kilichonolewa upya, ncha nyembamba, kina cha milimita 0.1 hadi 0.2, mwendo wa kisu milimita 0.05 kwa mzunguko, bila maji ya kupoza. Maji yale meupe ya kukerezea huingia kwenye vinyweleo na hayatoki. Usimalizie kwa msasa, wala jiwe, wala rima (kisu cha kupanulia tundu) ya zamani.

Petroli nayo ilifanya kazi yake vizuri mno. Usiku mmoja unatosha kuyeyusha na kuvuta sehemu kubwa ya zile gramu 7. Bushi ikafungwa ikiwa sifongo kavu. Kwa sababu hiyohiyo bushi mpya hazihifadhiwi kwenye boksi la karatasi, gazeti au rafu ya mbao, kwani karatasi hunywa oili. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki au kopo la bati. Zikichafuka, zifute kwa kitambaa kilicholowa oili safi.

Unga nao unakunywa

Hili ndilo watengenezaji wa konveya za nafaka hulikosa wanaponunua bushi kwa kuangalia kipenyo tu. Vumbi la mahindi na pumba ni kavu na laini kuliko karatasi. Likirundikana kwenye miisho ya bushi, linavuta oili kutoka kwenye vinyweleo kama utambi, mchana na usiku, mashine ikizunguka au imesimama. Oili ikikutana na unga huwa ugali mweusi mgumu pembeni ya hanga, nawe bila shaka umeuona. Bushi ya sifongo ingefungwa kwa ustadi wote, bado hapo ingekauka mapema kuliko ilivyostahili.

Na shafti? Kwa nini chuma kililiwa na shaba ikabaki? Konveya yako iko kabla ya mashine ya kusafisha, kwa hiyo inabeba mahindi pamoja na mchanga wa uwanjani. Mchanga ni kwatsi: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7, wakati chuma laini cha shafti hakifiki 5. Punje ikiingia kati ya viwili, hujichomeka kwenye kile kilicho laini zaidi, yaani bronzi, ikatulia humo kama jino la tupa, na kuanzia hapo bushi inaikata shafti. Ukiona shafti ina mifereji na bushi ina madoadoa tu, tafuta mchanga kabla hujatafuta oili. Kuongeza kilainishi hakuondoi jino lile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzuia mchanga usifike hapo, kabla ya kufikiria aina ya bushi. Weka chekeche ya matundu madogo, milimita 2 hadi 3, kwenye mteremko wa kuingilia shimoni, mchanga udondoke pembeni mahindi yakiendelea. Halafu angalia kina cha nafaka ndani ya konveya. Ikijaa hadi karibu nusu, bushi za hanga zinaogelea ndani ya nafaka. Punguza mlango wa shimo hadi konveya ijae asilimia 30 au chini, hanga zibaki juu ya mkondo. Kama nafaka inayopita haitoshi, ni afadhali kuongeza mizunguko kidogo kuliko kujaza. Marekebisho haya mawili hayana gharama kubwa na yanaweza kurefusha maisha ya bushi kuliko kubadili aina yake.

Shafti usiirudishe ilivyo. Kwenye konveya nyingi sehemu inayokaa ndani ya hanga ni shafti fupi ya kiungo, iliyoshikwa kwa bolti kwenye mabomba ya skrubu pande zote mbili, basi huna haja ya kugusa skrubu. Tengeneza mpya kwa chuma cha C45, aina inayokomazwa kwa moto. Pasha sehemu ya katikati tu, ile inayozunguka ndani ya bushi, hadi karibu nyuzi 840, izamishe kwenye maji, kisha iweke kwenye oveni ya nyuzi 180 hadi 200 kwa saa mbili. Miisho yenye matundu ya bolti iache laini, la sivyo itapasuka kwenye matundu. Baada ya hapo ing'arishwe kwa jiwe, si kwa tupa. Uso wenye mikwaruzo ya kisu cha kukereza huila bushi ya kila aina.

Kuhusu grafiti: ndiyo, lakini si ya penseli

Wazo lako la pili ni zuri kuliko ulivyodhani. Bushi za bronzi zilizopandwa vipande vya grafiti hutumika kwenye milango ya mabwawa, presi kubwa na mitambo ya chuma, mahali ambapo mwendo ni mdogo, mzigo ni mkubwa na mtu hafiki na bomba la grisi. Mwendo wako wa mita 0.24 kwa sekunde unaingia vizuri. Bushi hizi hupendelea chini ya 0.5. Na kilainishi chake ni kigumu, unga hauwezi kukinywa. Kwa hanga yako ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza.

Grafiti ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Ndani ya tabaka kaboni zimeshikana kwa nguvu sana, kati ya tabaka na tabaka mshiko ni hafifu, hivyo kurasa huteleza. Shafti inapopita juu ya kipande cha grafiti, hujipaka utando mwembamba wa kijivu unaong'aa, na utando huo ndio unaosugua bronzi. Lakini kurasa hizo hazitelezi vizuri peke yake. Zinahitaji mvuke wa maji wa hewani ukae kwenye kingo zake. Jambo hili lilijulikana kwa uchungu wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege zilipoanza kuruka juu sana kwenye hewa kavu: brashi za kaboni za jenereta zilisagika kuwa vumbi kwa muda mfupi. Chini hapa hewa ina unyevu wa kutosha, na pwani hata zaidi.

Penseli haifai kwa sababu si grafiti tupu. Imechanganywa na udongo wa kaolini na kuokwa, na kadiri ilivyo ngumu ndivyo udongo ulivyo mwingi. Fimbo ya betri kubwa ya tochi inavutia kwa kuwa kipenyo chake kinakaribia milimita 8, lakini ni makaa yaliyogandishwa kwa lami na kuokwa, magumu, hayana kurasa za kutosha kuteleza, na yamekaa ndani ya manganisi na chumvi za zinki. Juu ya chakula cha watu hayana nafasi. Vipande vya chungu cha kuyeyushia shaba navyo vina udongo. Nunua fimbo za grafiti zilizotengenezwa kwa ajili ya mitambo, zile wanazotumia pia wakata kalibu kwa cheche za umeme. Unga wa grafiti uliogongwa ndani ya tundu nao hudondoka, unahitaji fimbo.

Aina ya shaba nayo iangalie. Bronzi ya kumimina inayouzwa sana kwa bushi huwa na asilimia 5 ya risasi ili ikerezeke kwa urahisi, na shaba iliyoyeyushwa kutoka mabomba na koki kuukuu mara nyingi huwa na risasi pia. Hanga inaning'inia juu ya unga wa kesho. Dai bronzi ya shaba nyekundu na bati peke yake, asilimia 88 kwa 12, na muuzaji akishindwa kukuambia ni aloi gani, usinunue.

Lengo ni grafiti ifunike robo hadi theluthi ya uso wa ndani. Ikizidi, bushi inadhoofika. Ikipungua, utando haukamiliki. Kwa bushi yako uso wa ndani ni milimita za mraba 7,850. Gawa mzunguko katika mistari 12, kila nyuzi 30. Kwenye mstari wa kwanza toboa matundu manne ya milimita 8, vitovu vikiwa milimita 7, 19, 31 na 43 kutoka ukingoni. Mstari wa pili matundu matatu, kwenye 13, 25 na 37. Wa tatu kama wa kwanza, wa nne kama wa pili, na kuendelea. Unapata matundu 42, karibu asilimia 27. Kupishana huko ndiko kiini cha kazi. Ukipanga matundu yote kwenye safu zilizonyooka, kati ya safu na safu hubaki ukanda ambao shafti inazunguka milele bila kukutana na grafiti, na hapo ndipo itakapoliwa. Kwa mpangilio huu, ukiacha milimita tatu za kila ukingo, kila sehemu ya shafti hupita juu ya grafiti.

Kereza bushi ikiwa na tundu la ndani la milimita 49.4 na nje izidi kidogo, kama 60.5. Toboa matundu moja kwa moja hadi ndani, toa chenga, futa mafuta kabisa kwa spiriti. (Hii ni bronzi ya kumimina, haina vinyweleo, spiriti haina madhara.) Paka gundi ya epoksi nyembamba kwenye kuta za tundu, si kwenye grafiti, ingiza kipande cha fimbo kikizidi milimita moja pande zote. Fimbo iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, ukiigonga inapasuka. Iache siku nzima. Kereza nje hadi kipimo cha hanga, igandamize ndani kwa presi, na tundu la ndani ulimalizie bushi ikiwa tayari imo ndani ya hanga, hadi 50.10. Kwa njia hii kule kujibana kwa tundu hakukusumbui tena. Nafasi ya milimita 0.10 hadi 0.15 kati yake na shafti ni kubwa kuliko ya bushi ya oili, na inatakiwa iwe hivyo: utando unahitaji pa kukaa na vumbi linahitaji pa kutokea.

Unapokereza grafiti vaa barakoa na nyonya vumbi hapohapo. Vumbi hili hupitisha umeme. Likiingia kwenye mota ya mashine ya kukereza au kwenye boksi la swichi, litaleta shoti siku ambayo hukuitarajia.

Kabla ya kufunga, sugua shafti kwa unga wa grafiti safi hadi iwe ya kijivu. Iendeshe tupu nusu saa. Vumbi jeusi litatoka kidogo, ndiyo utando unajijenga. Pitisha gunia moja la pumba, litupe, kisha anza kazi. Ukifungua baada ya wiki, shafti inatakiwa iwe na rangi ya risasi ya penseli, inang'aa, sawasawa kote. Usiifute. Kuna mafundi ambao wakiona weusi ule huuosha na kupaka grisi kwa nia njema, wakavunja utando na kutengeneza uji wa grisi, unga na mchanga. Ukishachagua grafiti, grisi isirudi tena kwenye hanga hizo.

Bushi ulizonazo

Zile nne zilizosilibwa kwa msasa sitakushauri uzifufue, kwa kuwa tundu lake tayari ni kubwa na punje zimo ndani. Ila kama una nyingine za aina hiyo ambazo hazikukerezwa, zinarudishiwa oili nyumbani. Weka oili ya madini ya kiwango cha mitambo ya chakula, ile yenye alama ya H1, mnato wa daraja la 68 hadi 150, kwenye sufuria. Zamisha bushi, pasha hadi nyuzi 80 au 90, ishikilie hapo kwa saa tatu au nne hadi mapovu yakome. Halafu zima moto na uziache zipoe ndani ya oili hadi asubuhi. Wengi hukosea hapo: wanazitoa zikiwa za moto, kumbe ni wakati wa kupoa ndipo hewa iliyobaki inaposinyaa na kuvuta oili ndani. Mwenye pampu ya kutoa hewa ya mafundi wa friji na chombo imara cha kufungika atamaliza kwa nusu saa. Pima uzito kabla na baada. Ukipata gramu 6 au 7 zimeongezeka, umefaulu.

Usitumie mafuta ya kupikia. Huganda yakawa kama vanishi na kuziba vinyweleo. Grisi hufanya hivyohivyo kwa sabuni inayoifanya iwe nzito, na oili iliyochanganywa na unga wa grafiti au molibdeni (unga mwingine mweusi wa kulainisha) pia, kwa kuwa unga hukaa mlangoni.

Bushi hizo ziwekee mahali safi: kwenye mhimili wa mlango wa shimo, rola za mkanda wa kubebea magunia, feni ya kunyonyea vumbi ikiwa upande wa nje. Mahali penye mwendo wa kasi zaidi unaweza kuziongezea akiba kwa kutoboa hanga au nyumba yake, si bushi, tundu la milimita 6 hadi kwenye mgongo wa bushi, kuweka sufi na kikombe kidogo cha oili juu. Oili hupenya ukuta wa sifongo yenyewe.

Kuna aina ya tatu utakayoonyeshwa dukani, bushi nyembamba yenye mshono, mgongo wa chuma, katikati tabaka la bronzi ya sifongo la kama milimita 0.25, juu yake plastiki ya teflon. Ni bidhaa nzuri sana kwenye bawaba na mikono ya mashine za mifuko. Lakini tabaka lake la juu ni la milimita 0.01 hadi 0.03 tu. Mchanga mmoja hulimaliza, haikerezwi ndani kabisa, na za zamani zilichanganywa na risasi. Isiende kwenye hanga. Bushi zenye molibdeni nazo waachie wanaofanya kazi mahali pakavu au pasipo hewa. Kilainishi hicho kiko kinyume na grafiti, unyevu unakiharibu.

Jambo la mwisho kabla hujafunga. Tandaza waya mwembamba kutoka mwisho mmoja wa konveya hadi mwingine, katikati ya matundu ya hanga zote nne, na uvute hadi ukaze. Hanga iliyopotoka milimita moja hubeba mzigo kwenye ukingo wake tu, na ile 0.36 ya shinikizo inakuwa mara kumi mahali pamoja. Hanga yenye matundu ya bolti yaliyorefushwa inasogezwa kwa bamba jembamba chini yake. Baada ya hapo kila mwezi inua shafti kwa wenzo karibu na kila hanga na upime mchezo wake, yaani inavyolegea. Ukifika milimita 1, badilisha bushi hiyo kabla bawa la skrubu halijaanza kukwaruza sakafu ya konveya na kumwaga chuma kwenye mahindi.